Neno la Mungu Kila Siku

Wakatekumeni wapenzi, towashi wa Etiopia alisoma kitabu cha nabii Isaya garini mwake, naye alikuwa hajabatizwa bado. Hakuelewa, wala hakuona haya kumwuliza Filipo. Njiani palepale akabatizwa (Matendo 8). Basi, msingoje Paska ndipo mfungue Injili. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 18 Novemba 1965, uliwahimiza waamini wote wasome Maandiko Matakatifu mara kwa mara. Hapa Vuhovi, asiyejua kusoma amwombe mtoto wake wa shule amsomee mistari michache jioni, karibu na moto. Kisha nyamazeni, kila mtu ajiulize: Bwana anataka nimtendee nini kesho yule jirani niliyegombana naye shambani? Kitabu chaweza kupotea tukikimbia vita. Neno lililokaa moyoni halipotei.