Barua kwa Walio Mbali na Kwao

Somo: Yeremia 29, aya ya 1 mpaka ya 14



Sura hii yatupa habari za barua. Yeremia nabii alikuwa amebaki Yerusalemu, lakini wengi wa watu wake walikuwa Babeli, maana Nebukadreza aliwachukua pamoja na mfalme wao Yekonia, mwaka wa 597 kabla ya kuzaliwa Kristo. Babeli palikuwa mbali. Ezra alipotoka huko baadaye kwenda Yerusalemu, safari yake ilichukua miezi 4 (Ezra 7:9). Barua ile ilipelekwa kwa mikono ya wajumbe wawili, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, na ilikuwa kwa wazee, makuhani, manabii na watu wote waliohamishwa. Nataka tuisome pamoja, kwa sababu siku hizi karibu kila nyumba katika sharika zetu ina mtu wake aliye mbali, akikaa katika mji asiozaliwa.

Hali yetu na yao si moja. Wao walipelekwa kwa nguvu. Sisi twaondoka wenyewe kutafuta kazi, mafundisho au biashara. Walakini moyo wa mgeni ni ule ule. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na miongoni mwao wako wengi waliotoka Kilimanjaro, Usambara, Bukoba, Iringa na kwingineko. Mtu hushuka katika basi Mbezi, mzigo mkononi, naye hamjui hata mmoja kati ya maelfu wampitao. Kwao angalisalimiwa na kila amwonaye njiani. Hapa hata amwulizaye jina hayupo. Kwa mtu huyu nabii ana maneno matatu.

Neno la kwanza: kaeni kweli mahali mlipo.

Yeremia awaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, wazidi wala wasipungue. Haya yatokana na Mungu mwenyewe, asemaye kwamba ndiye aliyewapeleka huko. Mpinzani wa neno hili alikuwa Hanania, nabii wa Gibeoni. Yeye alihubiri mbele ya makuhani na watu wote ya kuwa kabla ya kupita miaka 2 Mungu atawarudisha wote (Yeremia 28). Habari hiyo ilikuwa tamu, lakini Mungu hakumtuma. Yeremia alisema miaka 70. Basi aliyekuwa mtu mzima siku ile barua iliposomwa, alijua ya kuwa atakufa Babeli, na tumaini la kurudi litakuwa la watoto wake.

Neno la Hanania halijafa. Twalisikia kwa kijana asemaye, "Mimi nipo kwa miaka 2 tu, nikipata mtaji narudi." Miaka 2 yapita, na 5, na 10, naye angali akiishi kama mtu asubiriye gari kituoni. Chumba chake hakina kitu kilichopangwa vizuri, kwa sababu ni cha kupanga. Jirani wa mlango wa pili hamjui jina, kwa sababu hatakaa naye. Kanisani haendi, kwa sababu kanisa lake liko kwao. Huko kwao nako hayupo, ila kwa siku chache za Noeli. Mtu wa namna hii ametoka mahali pake asifike mahali pengine, naye yumo hatarini, kwani moyo usio na makao hupata wenyeji wengi wabaya.

Je, waliohamishwa walitii? Wachimbaji wa vitu vya kale wamepata Babeli vibao vya udongo vyenye maandiko, na humo limeonekana jina la Yekonia, pamoja na hesabu ya mafuta aliyopewa yeye na wanawe katika ghala ya mfalme. Vibao vingine vyatoa habari za kijiji kilichoitwa mji wa Yuda, katika nchi ile ile ya Babeli. Humo twaona Wayahudi wakilima, wakilipa kodi, wakikopeshana, wakiandikiana mapatano, baba na mwana na mjukuu. Walipanda kweli. Na ni wana wa watu hao hao waliokuwa tayari kurudi, hapo Koreshi mfalme wa Uajemi alipoitwaa Babeli mwaka wa 539 na kuwapa ruhusa. Aliyepanda ugenini hakupotea. Aliendelea kuwa mtu, na kulea watu.

Mwingine ataniuliza, "Mchungaji, watutaka tuwasahau wazee wetu?" Hasha. Amri ya nne haina mpaka wa wilaya. Watumieni wazazi wenu fedha, wapigieni simu, na msiwapigie siku ya fedha tu. Lakini ajengaye nyumba nzuri kijijini isiyokaliwa na mtu, huku watoto wake mjini wakikua bila ubatizo na bila kipaimara, huyo amejenga nyumba asiyoagizwa, akaiacha aliyoagizwa. Hata mwenye chumba kimoja, anayedaiwa kodi ya miezi 6 kwa mara moja, aweza kupanda. Na ajue majina ya majirani zake. Mtoto wake na amwandikishe Shule ya Jumapili. Sala ya jioni isikosekane chumbani, ijapokuwa ukuta ni mwembamba na redio ya jirani yasikika.

Neno la pili: utafuteni ustawi wa mji.

Hapa Yeremia asema jambo zito kupita la kwanza. Yule aliyechukuliwa mateka aambiwa autakie mema mji uliomteka, tena auombee kwa Bwana, maana mji ukistawi yeye naye atastawi (aya ya 7). Neno alilotumia kwa Kiebrania ni shalom. Neno hili lina ndugu yake katika Kiarabu, salaam, na kutoka huko sisi tumepata salama na salamu. Tena Sultani Majid wa Unguja alipoanza kuujenga mji wake pwani ya Mzizima, katika miaka ya 1860, aliuita Dar es Salaam. Basi akaaye mji huo hawezi kuutaja kwa jina asiseme neno la nabii. Kila aandikapo mahali aishipo, ameandika kazi aliyopewa.

Wengi wetu tumeufanya mji kuwa shamba la kuvuna tu. Twavuna, twafunga mzigo, twaondoka. Atakayefagia ni nani? Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529, alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, hakuishia kwenye unga na sahani. Aliweka humo serikali njema, amani, hali njema ya hewa, rafiki waaminifu na majirani wema. Enyi walimu, mwafundisha watoto jambo hili kila mwaka. Wafundisheni na watu wazima. Tuombapo mkate twauombea mtaa tunaokaa, mtaro wa maji upitao mbele ya mlango, na mwenye duka mdogo auzaye chumvi usiku.

Na sala huenda pamoja na mikono. Dereva wa daladala asiyewatesa watoto wa shule, karani asiyetaka kitu kidogo, mwashi asiyepunguza saruji, mama lishe aoshaye vyombo kwa maji safi, hao wote wautafuta ustawi wa mji. Yeremia hakusema ya kwamba ni ustawi wa Wayahudi walio mjini tu. Wengi wa majirani zetu katika miji ya pwani ni Waislamu. Amani yao ni amani yetu, na msiba wao utukute mlangoni pao.

Neno la tatu nawaambia hasa walimu na wazee wa kanisa: barua na zipelekwe.

Hatuoni katika Maandiko ya kuwa Wakristo wa kwanza waliwaacha ndugu zao waende mbali hivi hivi. Apolo alipotaka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso waliwaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe (Matendo 18:27). Fibi alipokwenda Rumi, Paulo aliwaomba Warumi wampokee na kumsaidia kwa neno lo lote atakalohitaji (Warumi 16:1-2). Barua ya usharika tunayompa Mkristo anayehama ni ya ukoo wa barua hizo. Si karatasi ya ofisi tu. Ni mkono wa kanisa moja ukimkabidhi mtu katika mkono wa kanisa jingine.

Sikilizeni habari hii. Kijana mmoja wa sharika za milimani alikwenda mjini kufanya kazi ya useremala. Alipewa barua, akaiweka chini kabisa katika sanduku lake. Alipanga chumba kwa mzee mmoja Mwislamu. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye kufanya kazi sana na kusema machache. Jumapili alilala au alifanya kazi. Akaugua homa; mzee yule na mke wake wakampikia uji, wakampeleka hospitali, lakini akafa. Mzee hakujua ndugu zake wako wapi, kwa hiyo alifungua sanduku mbele ya mjumbe wa mtaa, na chini ya nguo akaiona ile barua. Ilikuwa na umri wa miaka 3, nayo haikufunguliwa. Mzee akaishika, akauliza njia, akaja kanisani kwetu, mwendo wa robo saa tu kutoka kwake. Hivyo barua ilifika. Tulimpokea ndugu yetu katika usharika siku ile tulipomsindikiza kurudi kwao, na fedha za safari zilichangwa na mtaa wake pamoja na sisi. Kijana yule hakuutafuta ustawi wa mji, lakini mji, kwa mikono ya wazee wale wawili, uliutafuta wake.

Habari hii yatuuliza sote. Mwalimu wa kijijini, je, watosha kutia sahihi na kugonga mhuri? Mwandikie mchungaji wa huko pia, au mpigie simu, useme, "Mtu wetu yuaja, jina lake fulani, mtafuteni." Mzazi, ukimwuliza mwanao kama amepata kazi, mwulize na kama amepeleka barua. Nanyi ndugu wa mjini, angalieni benchi la nyuma karibu na mlango. Mgeni huketi pale, na ibada ikiisha hutoka wa kwanza. Akitoka hivyo Jumapili tatu bila kuulizwa jina, ya nne hamtamwona.

Wala asiwepo asemaye, "Hawa si watu wa kanisa langu." Mnamo tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mtu wa Bukoba akiingia katika kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898, au katika kanisa dogo la mabati huko Mbagala, yumo nyumbani mwake. Ni vema kukutana na wa lugha yetu na kufarijiana katika misiba. Lakini tukila na wao tu, tukiomba na wao tu, tumejenga kijiji ndani ya mji na kufunga mlango. Waangalieni Akila na Prisila. Walifukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio, wakaenda Korintho, kisha Efeso, wakishona hema. Kila walipokaa nyumba yao ilifunguka, na kanisa lilikutana humo (1 Wakorintho 16:19). Walikuwa wageni, nao walikuwa wenyeji wa wengine.

Mwisho wa barua ya Yeremia kuna ahadi. Watu hupenda kuitaja ile ya aya ya 11, ya kuwa Mungu ana mawazo ya amani kwa watu wake na kuwapa tumaini. Lakini msiiache inayofuata: watamwita, naye atawasikia, watamtafuta kwa moyo wote, naye ataonekana kwao. Wapi? Babeli! Hapakuwa na hekalu huko, wala madhabahu, wala makaburi ya baba zao. Waliohamishwa walidhani wamemwacha Mungu Yerusalemu, kumbe alikuwa amewatangulia. Kadhalika hakubaki mlimani kwenu karibu na kanisa la mawe ulikobatizwa. Yuko nawe katika chumba cha kupanga.

Mwokozi wetu mwenyewe alizaliwa safarini, hakuwa na mahali pa kulaza kichwa, na alipoukaribia mji ambao ungemwua aliulilia (Luka 19:41). Aliuawa nje ya lango lake, ili sisi tulio wageni tupewe wenyeji usiokoma. Kwa ajili yake twaweza kukaa po pote bila hofu, tukijua ya kuwa mji wetu wa milele waja.

Basi wewe uliye mbali na kwenu, fungua sanduku lako leo. Kama barua ingalimo, itoe, uipeleke Jumapili ijayo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaona watu wako penye mito ya Babeli, waangalie watoto wetu walio mijini. Wape kazi ya halali, majirani wema, na mlango wa kanisa ulio wazi. Ibariki miji tunayokaa, na watu wote waliomo, hata wasiokujua. Utukusanye sote mwisho katika mji wako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.