Ganzi ya Meno

Somo la wiki: Ezekieli 18:1–20

Kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliniletea kitabu kilichofungwa kwa gazeti, mama yake asikione. Kilikuwa kile cha mwisho cha Harry Potter, cha J. K. Rowling, kilichotoka mwaka 2007. Swali lake lilikuwa moja: "Mchungaji, huyu Draco ana kosa gani?"

Mama yake namwelewa. Kwetu neno uchawi si la mchezo. Tumezika vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa. Katika hadithi hii, hata hivyo, uchawi ni kipaji cha kuzaliwa nacho, kama sauti ya kuimba, na sumu yake iko kwingine. Iko kwenye damu, yaani katika imani ya watu fulani kwamba wao ni damu safi na wengine ni takataka.

Draco ni mtoto wa pekee wa Lucius na Narcissa Malfoy, matajiri wa Wiltshire, Uingereza. Wana jumba kubwa, na juu ya ua uliokatwa vizuri anatembea tausi mweupe. Akiwa na miaka 12 Draco anamtukana binti wa darasa lake, Hermione, kwamba ana damu ya matope, kwa sababu wazazi wake hawana uchawi. Mtoto wa miaka 12 hatungi tusi kama hilo. Amelisikia nyumbani. Tena amekua akimwona Dobby, mtumishi wao anayevaa foronya kuukuu, akijiadhibu mwenyewe kila anapodhani amewakosea mabwana zake. Ndugu zangu, tunao wasichana wa kazi wanaokula jikoni kilichobaki baada ya sisi kushiba, na watoto wetu wanatazama.

Bwana aliyetumikiwa na Lucius ni Voldemort, muuaji. Lucius anaposhindwa kazi aliyotumwa na kufungwa gerezani, adhabu inamwangukia mwanawe. Draco, mwenye miaka 16, anapigwa alama mkononi na kuagizwa amuue mwalimu wake mkuu; akishindwa, atauawa yeye na wazazi wake. Hapo ndipo meno yanapoanza kupata ganzi, kama katika mithali ya Ezekieli: baba wamekula zabibu mbichi, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Tunamkuta chooni shuleni, mikono miwili imeshika kingo za sinki, kichwa kimeinama, analia. Wa kumliwaza ni mzimu wa msichana aliyefia katika choo kingine cha shule hiyohiyo. Baba yuko gerezani, na mama hawezi kufika.

Kisha, Lucius akiwa ametoka gerezani, muuaji anahamia kwao. Anakaa kwenye kiti cha mkuu wa meza na, mbele ya wote, anamwambia Lucius atoe fimbo yake ya uchawi. Kwa mchawi, kunyang'anywa fimbo ni kuvuliwa nguo hadharani. Lucius anamtazama mkewe. Narcissa, bila kugeuza uso, anamgusa kifundo cha mkono, na fimbo inatolewa. Juu ya meza ile ananing'inia mwalimu wa kike aliyeandika kuwatetea wale wanaoitwa damu ya matope. Anapouawa, Draco anaanguka kutoka kitini hadi sakafuni. Fundisho alilolishwa kwa maneno tangu utotoni ameliona sasa kwa macho, mezani pa baba yake.

Nilimwambia yule kijana kwamba kosa Draco analo. Aliwafungulia wauaji njia ya kuingia shuleni, na Ezekieli hakubali tujifiche nyuma ya baba zetu. Lakini nabii huyohuyo anamtaja mwana anayeyaona maovu ya baba yake asiyafanye. Kwanza anaona. Juu ya mnara, mwalimu mkuu akiwa hana silaha, mkono wa Draco ulianza kushuka. Baadaye, alipoletewa Harry, kijana aliyewindwa na Voldemort, nyumbani kwao akiwa amevimba uso, akaulizwa kama ndiye, alisema hana hakika. Ni kidogo mno, na wala sikiiti ushujaa. Ila sikidharau kidogo hicho, kwa kuwa najua kilipaswa kupenya ukuta gani.

Na yupo mama yake. Msituni, Voldemort anamtuma Narcissa akahakikishe kama Harry amekufa. Anainama, anaweka mkono kifuani pa kijana, anasikia moyo unadunda. Anamnong'oneza: Draco yu hai? Anajibiwa kwamba yu hai. Anasimama na kumtangazia bwana wake kuwa Harry amekufa. Nilipofika hapo niliwakumbuka Shifra na Pua, wakunga waliomdanganya Farao, na Rahabu na wageni wake darini. Narcissa hakuwa na imani yao, wala hakumpenda Harry. Kitu kimoja tu ndani yake hakikuwa kimeliwa na fahari ya damu, nacho ni mtoto wake, na kwa mlango huo mmoja mtoto wa mwanamke mwingine akapita salama.

Vita vinapokwisha, watu wamekaa katika ukumbi wa shule, walioshinda na waliofiwa, mezani wamechanganyika bila kujali nani ni nani. Malfoy wako pale wote watatu, wamekumbatana, hawajui kama wanastahili kuwapo. Hakuna anayewafukuza.