Mapatano ya Mkono

Mtu aliyepeana mkono na mwenzake, pasipo karatasi wala shahidi, amefungwa kwa kiasi gani? Wengi hujibu upesi kwamba mkono wa mwungwana watosha. Kabla ya kujibu, na tuitazame habari moja ya Marekani.

Steve Owen alizaliwa mwaka 1898 katika nchi ya Oklahoma, naye alicheza mpira wa Kimarekani kwa mshahara. Mchezo huo si kandanda tuijuayo. Mpira wake una ncha mbili, hubebwa mikononi, na watu 11 wa kila upande huangushana. Mahali pa Owen palikuwa mstari wa mbele, pamoja na wale wasukumao na kusukumwa ili mwingine apite na mpira. Na huyo mwingine ndiye ashangiliwaye. Mwaka 1926 timu ya New York Giants ilimnunua kwa dola 500. (Neno hili la kununua mtu latukera, lakini ndivyo wasemavyo watu wa mchezo.) Mwaka uliofuata, yeye akiwa nahodha, walitwaa ubingwa, katika michezo 13 wapinzani wao wote walipata pointi 20 tu.

Tangu mwaka 1931 Owen alikuwa mwalimu wa timu hiyo. Tim Mara, mwenye timu, na wanawe hawakumwandikia mkataba. Walipeana mkono, basi. Kwa mkono huo alifundisha miaka 23, akashinda ubingwa mwaka 1934 na tena 1938. Kisha ukaja mwaka 1953: timu ilishinda mara 3, ikashindwa mara 9, na kazi ikaondolewa mikononi mwake.

Je, mapatano yalivunjwa? Sisi hatuoni hivyo. Mkono uliahidi kazi na ujira, haukuahidi kazi ya milele. Naye Owen, kwa mkono uo huo, alikuwa huru kuondoka. Lakini neno halikwishia hapo. Karatasi ina siku yake ya mwisho, na kila mmoja aiona. Mkono hauna. Kadiri miaka ipitavyo, mmoja aweza kusikia ndani yake neno lisilotamkwa, “Tu pamoja hata uzee,” na mwenziwe akasikia, “Tu pamoja maadamu twashinda.” Wala hakuna mwongo kati yao. Kwa hiyo twaona kwamba yule awezaye kumwondoa mwenziwe ndiye impasaye kuutaja mpaka mapema, wakati mambo yangali mema, kwa kuwa mwajiriwa huona haya kuuliza. Asipoutaja, ana deni, ijapokuwa hakuna baraza liwezalo kumdai.

Owen alikwenda kufundisha timu nyingine, hata huko Kanada, akafa mwaka 1964. Mwaka 1966 jina lake liliwekwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, mjini Canton, Ohio.