Kidole cha Mgao

Ukame ulipomaliza mifugo, wafugaji wa Garissa, Kenya, na maeneo jirani walijua chakula kilipo: Dadaab, kambi zilizofunguliwa mwaka 1991 kuwapokea Wasomali waliokimbia vita. Mkimbizi alipata mgao wa chakula, matibabu na shule. Mkenya aliyefilisiwa na ukame nje ya kambi hakuwa na mgao wa uhakika kama huo. Basi baadhi ya wazazi wakajiandikisha, wao na watoto wao, kuwa wakimbizi, na alama za vidole vyao zikachukuliwa. Walidanganya, ndiyo. Lakini watoto walikula.

Watoto hao wakakua. Kijana anatimiza miaka 18, anachukua cheti chake cha kuzaliwa na kwenda kuomba kitambulisho kama Wakenya wenzake. Alama za vidole vyake zinalinganishwa na daftari la wakimbizi, naye anaonekana yumo. Anaambiwa si Mkenya. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, kazi ya mshahara haipati, na kila akifika kizuizi cha polisi roho iko mkononi. Inakadiriwa watu wapatao 40,000 walinaswa hivyo. Wengi walisubiri miaka kadhaa kuhakikiwa na kufutwa katika daftari hilo. Wengine waliishtaki serikali.

Mashine haikukosea, maana kidole kilikuwa kilekile. Kosa ni kulikabidhi daftari la chakula kazi ya kuamua uraia. Alama ya kidole husema ni nani aliyefika pale. Haisemi alifikishwa na nini, wala kwamba aliyeamua ni mzazi wake.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa wazi, zisitumiwe kwa jambo lisilopatana na lengo hilo. Tanzania nayo ilitunga sheria yake mwaka 2022. Ila vidole vya Dadaab vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa, na kidole si nywila, ukasema utakibadilisha.

Kwa hiyo, kabla hujaweka kidole chako au cha mwanao kwenye mashine, iwe ni kwa msaada, mkopo au ajira, uliza: alama hii ni ya kazi gani, nani mwingine ataiona, na itafutwa lini? Asiyeweza kukujibu hastahili kupewa.