Mgeni Aliyekuja na Jani

Soma kwa ajili ya lesoni hii: Mwanzo 2:15, Kutoka 21:28–36, Kumbukumbu la Torati 23:12–14, Mithali 12:10, Mathayo 13:24–30, 36–43.

Anayefuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo, na kupanda humo mimea ya majini, hukutana mapema na mgeni ambaye hakumnunua. Mayai ya konokono hufika yakiwa yamebandikwa chini ya jani, ndani ya ute unaong'aa, madogo kiasi kwamba jicho huyapita. Baada ya majuma machache kioo kimejaa konokono. Aina nyingi za konokono hao wana jinsia zote mbili katika mwili mmoja, hivyo hata mmoja aliye peke yake aweza kuanzisha ukoo mzima.

Jambo hili ni dogo, lakini linaleta swali kubwa: Je, mwanadamu ana wajibu gani kwa kiumbe hai ambaye hakumwita, lakini yumo tayari katika himaya yake? Amwangamize, amvumilie, au ajifanye hakumwona?

Nani aliyemleta?

Soma Mwanzo 2:15. Adamu alipewa kazi mbili katika bustani: kuilima na kuitunza. Mtunzaji huulizwa habari za kila kiingiacho langoni. Konokono hakupanda ngazi kuingia sebuleni; aliletwa na mkono uliobeba jani.

Wakazi wa Nyamagana wanalifahamu somo hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilipenda kwa ua lake la zambarau, wakalisafirisha nchi kwa nchi kama pambo la mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeziba ghuba na mialo, mitumbwi ikashindwa kupita. Katika mizizi yake konokono walipata makao. Sangara naye aliingizwa ziwani kwa mkono wa mwanadamu, kuanzia miaka ya 1950, akawala furu kwa wingi. Na baadhi ya furu hao chakula chao kilikuwa konokono, wakivunja magamba yao kwa taya za kooni. Anayeongeza kiumbe kimoja mahali fulani hubadilisha hesabu ya viumbe vingi asivyovifikiria.

Kwa hiyo si haki kumwita konokono mvamizi kisha kumsahau aliyembeba. Hata wingi wake ndani ya tangi una chanzo. Konokono hula mwani, majani yaliyooza na chakula kilichobaki. Samaki wakilishwa kupita kiasi, konokono huongezeka. Chakula kikipunguzwa, nao hupungua. Wingi wao ni taarifa juu ya mkono unaolisha.

Je, mfano wa magugu unakataza kung'oa?

Soma Mathayo 13:24–30, 36–43. Wengine wakisikia kwamba mwenye shamba aliwazuia watumwa wasing'oe magugu, huhitimisha kwamba Mkristo aache kila kitu kiendelee kama kilivyo. Lakini Yesu mwenyewe alieleza maana ya mfano: shamba ni ulimwengu, na wavunaji ni malaika. Alikuwa akizungumzia hukumu juu ya watu. Mkulima wa pamba kule Magu akipalilia shamba lake hatendi dhambi, na mwenye tangi akimtoa konokono hajavunja neno la Kristo.

Hata hivyo, sababu aliyoitoa mwenye shamba inastahili kutafakariwa: watumwa wenye bidii wangeweza kung'oa ngano pamoja na magugu. Ndivyo ilivyo katika tangi. Dawa zenye shaba huua konokono, lakini huua na kamba wadogo, na zikizidi huwadhuru samaki. Konokono wengi wakifa kwa pamoja huoza na kuharibu maji. Bidii isiyopima huharibu kile ilichotaka kukiokoa. Konokono asiye na madhara, anayesafisha mwani na kula mabaki, aweza kuachwa akae. Uvumilivu wa namna hiyo ni busara, wala hauitaji kuombewa radhi.

Uvumilivu unaishia wapi?

Katika ufuko wa Mwanza swali haliishii hapo. Konokono mmoja wa ziwa hili, mwenye gamba bapa lililojiviringisha kama kamba iliyokunjwa, ndiye anayebeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Daktari Theodor Bilharz aligundua minyoo ya kichocho huko Cairo mwaka 1851, lakini ilipita miaka mingi kabla ya sehemu ya konokono kujulikana. Mwaka 1915 Robert Leiper alionyesha huko Misri kwamba vimelea hupitia ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aingiaye majini.

Soma Kutoka 21:28–36. Sheria ilitofautisha watu wawili. Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hakuhesabiwa hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi hiyo, mwenyewe akaonywa, naye asimzuie, basi hatia ilimwangukia mwenye ng'ombe. Ng'ombe alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe alikuwa anajua.

Ndivyo ilivyo kwa anayechuma mimea ufukoni na kuiweka katika tangi ambamo watoto wake huingiza mikono. Aliyekwisha kujua hawezi tena kujificha nyuma ya neno "uvumilivu". Kuvumilia kero inayomhusu yeye peke yake ni fadhila. Kuvumilia hatari inayomwangukia mtoto ni uzembe. Mimea ya ufukoni na isiletwe nyumbani. Ikiwa imekwisha kuletwa, konokono watolewe kwa wavu, si kwa mkono mtupu, na maji ya tangi yasimwagwe katika Mto Mirongo wala ziwani. Na kwa kuwa mwenye haki huujali hata uhai wa mnyama wake (Mithali 12:10), anayelazimika kuua na aue upesi, pasipo mchezo na pasipo ukatili.

Konokono hazaliwi na kichocho

Hapa ndipo somo linapochoma. Konokono anapoanguliwa hana kimelea chochote. Humpata kutoka kwa mwanadamu: kinyesi chenye mayai ya minyoo hufika majini, mayai huanguliwa, na kitokacho humo humtafuta konokono. Mwanadamu humwambukiza konokono, kisha humlaumu kwa kumrudishia alichopewa.

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Israeli waliagizwa kwenda nje ya kambi, kuchimba, na kufukia. Agizo hilo liliwekwa kama jambo la utakatifu, kwa kuwa Bwana alitembea kati ya kambi. Choo kizuri, basi, ni sehemu ya kumpenda jirani. Anayeua konokono wote wa tangi lake na bado hana choo hajaondoa chanzo.

Kanisa nalo linahusika. Mahali ambapo ubatizo wa kuzamishwa hufanyika ziwani, wazee na wachungaji wanao wajibu wa kuuliza maji hayo yakoje, na kama kisima cha ubatizo chaweza kujengwa. Walioingia majini waelekezwe kwenda kupimwa. Dawa ya prazikwanteli ipo, na inatibu. Wala mgonjwa wa kichocho asitazamwe kama mtu mchafu. Mara nyingi kosa lake lilikuwa kuchota maji, kuvua samaki au kufua nguo.

Maswali ya kujadili

1. Toa mfano wa kero ambayo Mkristo anapaswa kuivumilia, na hatari ambayo hapaswi kuivumilia. Ni nini kinachozitofautisha?

2. Kutoka 21 inaonyesha kwamba kujua huongeza wajibu. Je, mtu aweza kukwepa hatia kwa kukataa kujua? Eleza.

3. Katika nyumba au kanisa lenu, ni tatizo gani linaloshambuliwa kila mara huku chanzo chake kikiendelea "kulishwa"?

4. Je, kanisa lenu lina choo safi na maji ya kunawa? Kama halina, kikundi chenu kitaanza na hatua gani kabla ya Sabato ijayo?