Salamu ya Herufi Mbili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu ya kalamu; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu lilizuka swali lililodhaniwa kuwa ni mzaha, kumbe si mzaha. Kijana mmoja aliuliza: "Sheikh, je, pana makosa mtu kuandika salamu kwa herufi mbili katika simu?" Mzee aliyeketi karibu naye akadakia kuwa huo ni uzushi, na kwamba vijana wameharibu dini na lugha pamoja. Kijana akajibu kwa adabu: "Na wewe, baba, waiachia simu ikuandikie, wala husomi ilichoandika." Watu wakacheka. Sisi twaona kila mmoja wao ana haki kidogo na makosa kidogo, na yafaa jambo hili lielezwe kwa dalili, si kwa hamaki.

Kwanza, kufupisha maneno si uzushi katika dini. Hiyo ni ada ya watu katika maandishi, na asili ya ada ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Maulamaa wa Hadithi, ambao hapana watu waliohifadhi maneno kuliko wao, walifupisha. Neno "haddathana", yaani "ametuhadithia", waliliandika "thana", au "na" tu. Na neno "akhbarana" wakaliandika "ana". Lakini tazama busara yao. Imam Ibn Salah, aliyefariki Damascus mwaka 1245, aliwausia waandishi katika kitabu chake cha elimu ya Hadithi wasichoke kuandika sala na salamu za Mtume kwa ukamilifu kila atajwapo, wala wasizikate kwa herufi mbili tatu. Basi walikata lililo chombo, wakakamilisha lililo ibada. Hiyo ndiyo mizani yetu.

Tena yatupasa tutazame sababu. Ujumbe wa kwanza wa maandishi ulipelekwa kwenye simu ya mkono huko Uingereza tarehe 3 Disemba 1992. Ujumbe mmoja haukuchukua zaidi ya herufi 160, na kwa herufi za Kiarabu 70 tu. Na ulipofika kwetu, kila ujumbe ulikuwa na malipo yake. Mwenye kukata maneno wakati ule alikuwa na udhuru. Ndipo "sijui" ikawa "cjui", na "tutaonana" ikawa "2taonana". Leo wengi wetu twaandikiana kwa WhatsApp, ambako hatuhisabiwi herufi. Udhuru umeondoka, mazoea yamebaki. Ukimwandikia rafiki anayefahamu, hapana ubaya. Hiyo ni khiari yako, wala tusigombane. Lakini ukimwandikia bibi yako, ambaye hajui kuwa "c" yasomwa kwa jina lake la Kiingereza, umemnyima khabari.

Ama salamu, hiyo si khabari, ni dua. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 86, kwamba tukiamkiwa tujibu kwa lililo bora zaidi au kwa mfano wake. Na katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, aliyetoa salamu fupi alipata mema kumi, aliyeongeza rehema alipata ishirini, na aliyeongeza baraka alipata thelathini. Je, mfanyabiashara gani wa mji huu atakataa faida ya thelathini kwa kuchelea kupoteza nukta mbili za wakati wake? Na anayeandikiwa "A.A." arudishe nini kilicho mfano wake?

Pili, mali za watu. Ndugu mmoja wa mji wetu alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na alikuwa amekopa shilingi 5,000. Katika simu yake warithi walikuta ujumbe aliompelekea nduguye: "Yule mzee nmlpa 5." Warithi wakasema: ni elfu tano, deni limekwisha. Mwenye kudai akasema: alinipa mia tano mkononi. Shahidi hapana. Na sharia ni kuwa anayedai kwamba deni limelipwa ndiye mwenye kuleta ushahidi. Warithi wakakhofia roho ya baba yao isifungike kwa deni, wakatoa shilingi 4,500 zilizokuwa karo ya skuli ya mayatima wake. Pengine marehemu alilipa zote, pengine hakulipa. Tarakimu moja imeondoka na siri yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Baqara, yahusu kuandika madeni. Nasi twaandika "5"!

Tatu, kukisia kwa simu. Simu hutazama neno uliloandika, na maneno ambayo aghlabu hulifuata, na mazoea yako mwenyewe, kisha hukuletea maneno uchague. Na mara nyingine hubadilisha neno lako bila ya idhini. Wako waipendao khidima hii, na wako wanaoizima; wote hawana lawama. Lakini simu haina dhima. Aliyebonyeza kupeleka ndiye mwenye neno. Pole ya msiba ikigeuzwa Kiingereza kisicho maana, ikamfika mfiwa kama kichekesho, hawezi kuisamehe simu. Atakusamehe wewe au hatakusamehe. Basi soma kwanza, kisha upeleke. Na mfiwa ukimwandikia "Inna lillahi", iandike yote na moyo wako uwepo, kwani amali ni kwa nia, na mashine haina nia.

Na zingatia jambo hili, ewe ndugu msomaji: simu hujifunza kutokana na wewe. Mwenye mazoea ya kushukuru, huletewa maneno ya shukrani. Mwenye mazoea ya matusi, huletewa matusi kabla hajayataka. Sura ya Qaf imetukumbusha kuwa maneno yetu yana waangalizi wasioghafilika. Usiku wa leo fungua simu yako, utazame yakuletea neno gani.

Na sisi wenyewe hatujitoi katika lawama. Katika kurasa hizi tulizoea, kwa kuhifadhi karatasi, kuandika herufi tatu ndani ya mabano kila alipotajwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Tangu toleo hili tumeacha. Karatasi ikipungua, tutapunguza maneno yetu sisi.

Mwenyezi Mungu azitengeneze ndimi zetu na vidole vyetu. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.