Mungu aliyejigeuza fahali

Mwezi uliopita ndugu yangu aishiye Ujerumani alikuja likizo, akanipa noti ya euro 20 ya kununulia chai. Nilipoimulika kwenye taa nikaona sura ya mwanamke. Nikamuuliza, “Huyu nani?” Akajibu, “Europa.”

Ndugu msomaji, kisa chenyewe ni hiki. Wagiriki wa kale walidai kuwa Zeus, mkubwa wa miungu yao, alimtamani binti wa mfalme wa Foinike, ambayo leo ni Lebanon. Akajigeuza fahali mweupe mpole. Binti alipompanda mgongoni, akatumbukia naye baharini hadi kisiwa cha Krete, akamfanyia alilotaka. Bara zima linaitwa kwa jina la binti huyo, na tangu 2013 sura yake imo kwenye noti za euro.

Mchoraji Titian wa Venice alikichora kisa hicho kwa ajili ya Mfalme Philip II wa Hispania, akakamilisha 1562. Picha hiyo leo ipo Boston, Marekani. Tazama ajabu! Mfalme huyo alijinasibu kuwa mlinzi wa Ukatoliki. Mwaka 1567 utawala wake ukawapiga marufuku Waislamu wa Granada waliolazimishwa ubatizo, pamoja na vizazi vyao, kusema Kiarabu na kuvaa mavazi yao. Kiarabu kilimkera, Zeus hakumkera.

Kwa nini? Mungu wa aina hiyo hamkatazi mtu kitu. Naye anatamani, anahadaa, anachukua.

Nilitaka niishie hapo, niwacheke. Nafsi ikanisuta. Suratul Jaathiya, aya ya 23, inamtaja mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa mungu wake. Haikusema ni Mgiriki.

Yule tajiri wa mtaani anayeswali safu ya mbele, kisha usiku anamsumbua binti wa kazi kwa ahadi na vitisho, anamwabudu nani? Ukutani kwake hakuna picha ya Zeus, lakini kifuani yumo. Na sisi tunaojua, tukanyamaza kwa kuwa amechangia mabati ya msikiti, tumesimama upande wa nani?

Nabii Ibrahim (AS) aliyavunja masanamu ya watu wake. La kifuani huvunjwa kwa toba na kumcha Allah (SW). Na binti yule hulindwa kwa sisi kusema, hata kama mabati yatachelewa.

Wabillahi tawfiq.